Kiti cha Bwana Harusi

Jumapili, 8 Juni

Cheche wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama mzima, na jana nimeanza shule. Ndiyo, yale mafunzo ya ndoa uliyoyakwepa kwa kisingizio cha kujenga daraja.

Nilikwenda na daftari jipya na Biblia, nimejiandaa kuulizwa aya. Nilidhani tutakaa kama kwenye mahubiri, tuambiwe mke atii na mume apende, tusaini, turudi makwetu. Wapi! Tulisoma mistari miwili, tukaomba, kisha Mama Mwalimu akafunga Biblia akauliza: "Maji yakikatika nyumbani, nani anatoka na ndoo?" Jozi kumi na moja za wachumba, kila mtu akainamia daftari lake. Yule dereva wa gari la wagonjwa akasema, "Mke." Mchumba wake akamgeukia taratibu akamwangalia mpaka sisi wengine tukaona aibu. Swali hilo moja lilichukua saa nzima, na ndoo bado haijapata mtu.

Mama Mwalimu ni yule nesi mstaafu wa safu ya mbele kanisani, mwenye miwani ya kamba. Baba Mwalimu ni mumewe wa miaka thelathini na nne. Kazi yake ni kugawa karatasi na kuitikia kwa kichwa. Kama ulidhani utafundishwa habari za pete na keki, sahau. Tutafundishwa kugombana, kusikiliza, wakwe, maradhi, na nani asamehe kwanza.

Sasa sikiliza. Viti vimepangwa viwili viwili vinatazamana, na Mama Mwalimu hataki kiti kitupu. Nikamweleza kwamba uko kambini, simu hazishiki, barua zinaondoka huku na lori la vifaa Jumatatu na kurudi Ijumaa. Akasema vizuri, aliye safarini atafuata masomo kwa barua, kwa mwandiko wake mwenyewe, maana kwenye simu watu husema ndiyo ndiyo na hawajasikia kitu. Ila kiti chake kikaliwe na ndugu yake wa karibu, ili mimi nifanye mazoezi na mtu. Basi mdogo wako, aliyekuwa amenisindikiza tu, akakamatwa mlangoni. Masikini Shemeji! Jumamosi ndiyo siku ya vichwa pale kinyozini kwake, lakini amekubali kufunga duka mchana kila wiki kwa ajili yako.

Nakutumia karatasi yako. Ni maswali ishirini juu yangu. Ijaze uirudishe kabla ya somo la nne. Baada ya hapo majina yetu yatatangazwa kanisani Jumapili tatu, ya kwanza tarehe 6 Julai. Nikilisikia langu limekaa karibu na lako, sijui nitauweka wapi uso.

Wako,
Mpima Macho


Jumatano, 11 Juni

Mpima Macho wangu,

Barua imefika jana inanuka dizeli. Nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mpaka msimamizi akauliza kama ni maagizo ya kazi. Mimi nitatoka na ndoo. Mwonyeshe Mama Mwalimu hapa nilipoandika.

Huku tunaendelea. Tunachomelea vyuma kutoka kila ukingo wa mto, na mwisho wa Agosti tutakutana katikati. Nikiondoka kabla, nafasi yangu inachukuliwa siku hiyohiyo. Watu wako getini wanasubiri mmoja wetu augue.

Kuhusu mdogo wangu, sawa. Afadhali yeye kuliko mtu baki. Ila asijisahau akaegemea. Na hivi shangazi yangu hakuwepo? Shangazi naye ni ndugu wa karibu. Nauliza tu.

Karatasi nitaijaza nikitulia. Lakini maswali gani haya? "Mwenzako anapenda kuamshwa vipi?" Nani mwingine anasoma majibu?

Wako wa peke yako,
Cheche


Jumapili, 15 Juni

Cheche wangu,

Eti shangazi! Shangazi yako angekaa hapo, darasa lingegeuka kikao cha ukoo na mimi ningekuwa mshtakiwa.

Jana tulifundishwa kusikilizana. Usidhani ni kusikiliza kwa masikio. Mnatazamana dakika tatu bila neno, Baba Mwalimu kashika saa. Mimi kutwa natazama macho ya watu dukani, lakini pale natafuta kasoro. Kumtazama mtu bila kumtafutia kitu ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Shemeji alianza kucheka, nikacheka, Mama Mwalimu akatukata jicho. Kisha tukatulia. Mchumba wa dereva alilia. Mwishoni Shemeji alijifuta uso na leso akasema ni jasho. Ana macho yako kabisa, sijui kwa nini sikuwahi kuona.

Halafu kuna jambo la kuchekesha. Kila aliyekaa kwenye kiti alipewa naye karatasi ajaze, kwa mazoezi. Shemeji amepata kumi na saba kati ya ishirini! Hakuna aliyemfikia, hata wachumba wenyewe. Alipigiwa makofi. Mama Mwalimu akasema, "Bwana harusi akirudi ajitafutie pa kukaa." Watu walivunjika mbavu. Nilifurahi, sikufichi. Aliandika ninachoogopa. Aliandika hata lile la baba, aliyeahidi kuja siku ya zawadi shuleni nikakaa getini mpaka mlinzi akafunga. Hilo nimewaambia watu wawili tu duniani, wewe na mama.

Yako iko wapi?

Wako,
Mpima Macho


Jumatano, 18 Juni

Kwako,

Dakika tatu! Nimekaa nikazihesabu hapa kwa saa ya msimamizi. Unajua dakika tatu ni ndefu kiasi gani? Mtu anaweza kuchomelea kiungo kizima, kikapoa.

Mimi nina miezi kumi sijakutazama hata sekunde moja, na yeye anapewa dakika tatu na makofi juu. Macho yangu kabisa! Basi mimi nirudi kufanya nini, kama macho yameshafika?

Nakuuliza, na unijibu bila kuzungukazunguka. Alijuaje la baba yako? Alijuaje unavyoamshwa? Huyo ni mtu wa mkasi na mashine, amejifunzia wapi? Mnakaa wapi baada ya darasa? Anakusindikiza mpaka mlangoni au mpaka ndani? Naona wivu, ndiyo. Roho inaniuma na sioni haya kusema. Vijana wa kambini wanasema nimekonda.

Karatasi yangu hii hapa, nimeijaza leo harakaharaka, lori linaondoka kesho. Na mimi nataka kuiona ya kwake. Kwa macho yangu haya yaliyobaki.

Cheche


Jumapili, 22 Juni

Cheche,

Barua yako niliifungua dukani, nikamwomba mteja asubiri nje. Umeniandikia kama mpelelezi.

Nitakujibu. Baada ya darasa tunapita barabara ya kanisani pamoja na wenzetu. Shemeji hunifikisha kwenye ngazi za kwetu, anamwamkia mama, anarudi kufungua kinyozini. Chai anakunywa akiwa amesimama. Kama kuna zaidi ya hapo, basi mama naye ameshiriki, mwandikie na yeye.

Alijuaje? Nimemuuliza. Alicheka akasema, "Shemeji, nina masikio." Nilipombana akasema amekatazwa kusema. Na mimi ningependa kujua.

Karatasi zote mbili hizi hapa, Mama Mwalimu amezisahihisha. Umepata tano. Sikutaka kukuambia, lakini umetaka kuona. Umeulizwa mwenzako anaogopa nini, ukajibu, "Haogopi kitu." Akikasirika hufanya nini? "Hakasiriki." Jambo gani la utotoni bado linamuuma? "Hana." Huyo mwanamke wako ni wa chuma, labda umemchomelea mwenyewe huko. Yeye ameandika kwamba nikikasirika naosha vikombe visafi. Juzi nilikuwa naviosha nikakumbuka karatasi yake, nikaviacha kwenye beseni.

Somo la jana lilikuwa la wivu, ukitaka kujua. Mama Mwalimu alisema mwenye wivu aulize mapema, na aulize mhusika. Nilikuwazia saa zote mbili.

Imebaki Jumamosi moja, kisha matangazo. Mama ameshaanza kuwaita watu waje kusikia. Niandikie vizuri.

Mpima Macho


Jumatano, 25 Juni

Kwa Mchungaji,

Bwana asifiwe. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mchumba wa binti mpima macho wa usharika wako. Naomba majina yetu yasitangazwe tarehe 6 Julai. Kiti changu darasani kina mtu, na mtu huyo anamjua bibi harusi kuliko mimi. Nimeona ushahidi kwa wino mwekundu. Sitaki kusimama mbele ya watu nikiwa wa pili.

Naomba asiambiwe kwanza. Nitamwambia mwenyewe.

Fundi Cheche


Jumamosi, 28 Juni

Kwa Fundi,

Amani kwako. Nimepokea barua yako jana. Mchumba wako leo amemaliza somo la nne. Alinisalimia kwa furaha mpaka nikaangalia pembeni.

Kanuni yetu ni kwamba mmoja akipinga kwa maandishi, sitangazi. Lakini ulichoandika si sababu, ni maumivu. Hukusema kama umemuuliza ndugu yako. Barua hii utaipata Jumanne, na lori linaondoka kwenu Alhamisi. Niletee neno moja tu, "Endelea," nami nitatangaza. Kama hutaki, basi timiza ulichosema, mwambie mwenyewe kabla ya Jumapili. Usimwache akaja kanisani hajui.

Mchungaji


Jumatano, 2 Julai

Kwa Mchungaji,

Msimamo wangu ni uleule.

Fundi Cheche


Jumapili, 6 Julai

Kwako Fundi,

Leo tulikaa safu ya pili. Mama alivaa gauni jipya na kiatu kinachombana. Walikuja majirani saba, mwenye duka ninakofanyia kazi, na shangazi yako.

Karani wa kanisa alisimama na karatasi. Akamsoma dereva na mchumba wake. Akasoma wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama. Alisoma jozi kumi, akakunja karatasi, akakaa. Mama aliniuliza kwa sauti, "Amekurukeni?" Watu wa safu ya mbele waligeuka. Nikamwambia labda karatasi ina upande wa pili. Nilisema hivyo kweli. Niliamini hivyo mpaka wimbo ulipoanza.

Mchungaji aliniita ofisini akanionyesha barua zako mbili. Aliomba radhi kwamba aliheshimu ombi lako la kusema mwenyewe. Ile ya pili ina maneno manne. Wiki mbili sikupata hata mstari, nikajiambia lori limeharibika. Kumbe lori ni zima, na lilikuwa linapita na barua zako kwenda kwa mtu mwingine.

Ungenitukana ningejibu. Ungeniuliza mara mia ningejibu mara mia. Lakini umeniacha nikae pale nimevaa, nimesuka, nikisikiliza majina ya wenzangu. Nimeona haya mpaka mifupa. Na uchungu wangu mkubwa ni kwamba sijakosa chochote, hata cha kukuombea msamaha sina.

Usihangaike kumwandikia Mchungaji tena. Nimemwambia mwenyewe asubiri.

Mimi


Jumatatu, 7 Julai

Kaka,

Shikamoo. Naandika haraka, dereva wa lori nimemkalisha kwenye kiti nimemnyoa upande mmoja ili asiondoke.

Nimesikia jana pamoja na kanisa zima, na barua zako kwa Mchungaji shemeji amenisimulia. Nilikuwa nyuma. Nilimwona akitafuta upande wa pili wa karatasi kwa macho, na nikatamani wewe ndiye ungekuwa umekaa pale nilipokaa, umwone.

Unataka kujua nilijuaje? Ulinifundisha wewe. Umesahau tulivyolala chumba kimoja ulipoanza kumchumbia? Ulikuwa ukirudi kutoka kwake hukai. Unanifuata mpaka bafuni unaongea. Uliniambia alivyokushika mkono wa shati mkipanda mnara wa kengele, kwa sababu anaogopa ngazi zisizo na kishikio. Uliniambia alivyolala kwenye basi mkitoka safari ya kwaya, ukamwamsha kwa kumsemesha, akakununia nusu saa. Ukacheka wiki nzima. Vikombe uliniambia wewe. La baba yake uliniambia ukiwa umekaa kwenye kitanda changu, machozi yanakutoka, ukaniapisha nisimwambie mtu kwamba umenisimulia. Ndiyo maana nilimwambia nimekatazwa. Nilikuwa natunza siri yako, wewe ukaniona mwizi.

Yale matatu niliyokosa ni mambo ya mwaka huu. Hayo ulipaswa kuyajua wewe, bila shaka yamo kwenye barua zake. Lakini wewe umejibu karatasi kama mtu anayemwombea jirani kazi. Mzuri, mvumilivu, hana neno.

Na kwa kuwa leo tunasema ukweli, nami niseme wangu. Nilikuonea wivu mimi, kaka. Si kwa ajili yake. Nilikuwa nakusikiliza najiuliza kama nitawahi kumpata mtu wa kumsimulia hivyo. Hata siku ile ya dakika tatu lile halikuwa jasho. Nilimwona anavyokitazama kiti, anatafuta mtu mwingine ndani yangu, nikakuonea wivu upya. Zaidi ya hapo sina la kuungama, na ukiniuliza uso kwa uso nitakujibu hivihivi.

Kiti nimemrudishia Mama Mwalimu.

Mdogo wako,
Kinyozi


Jumatano, 9 Julai

Mpima Macho,

Jana nilipata barua mbili kwa pamoja. Ya kwako nilisoma nimesimama, ya mdogo wangu nilimaliza nimekaa chini kwenye vyuma. Nakutumia ya kwake uisome, nimemtoa kwenye kiapo.

Sina utetezi. Mchungaji alinipa siku mbili za kujirudi nikazitumia kununa. Nilikuwa nataka uumie kidogo, kama nilivyokuwa naumia. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli, na ni baya, na ukilisoma kwa mtu mwingine litakuwa baya zaidi.

Nilimwonea wivu mtu aliyekujua vizuri, kumbe ni mimi wa zamani. Sijui nilimwacha wapi. Labda hapa, kwenye zamu mfululizo, mpaka mpenzi anakuwa jina tu la kulitaja mbele za watu ili nami nionekane nina wangu. Nilikuwa nakusifia kambini. Kukusifia ni rahisi.

Nimezisoma tena barua zako zote za miezi kumi, na karatasi pembeni. Yale matatu nimeyapata. Umeacha kunywa kahawa kwa sababu ya moyo kwenda mbio. Unavaa miwani ya kusomea na unaificha wateja wakiingia. Na hofu yako ya mwaka huu ni kwamba mimi nitazoea kukaa mbali. Uliandika hilo Februari, katikati ya habari za bati la jikoni. Sikulijibu.

Nimemwomba msimamizi ruhusa. Amesema nikitoka nisirudi. Nitatoka Alhamisi ya wiki ijayo, nafasi wachukue. Nitapiga magoti mbele ya mama yako na majirani wote saba.

Wako, kama bado nipo,
Cheche


Jumapili, 13 Julai

Cheche,

Barua yako nimeisoma. Ya Shemeji nimeisoma mara nne.

Usiache kazi. Sitaki mume atakayenikumbusha daraja kila tukigombana. Malizeni, mkutane huko katikati, kisha uje. Na magoti kwa mama sawa, lakini chagua siku ambayo hana hasira, itachukua muda.

Kukusamehe naona nitakusamehe, si leo. Kinachonikalia kooni ni kitu kingine, na imebidi nitafute jina lake wiki hii yote. Nina wivu, Cheche. Namwonea wivu mdogo wako. Nimesoma mambo uliyomwambia juu yangu, mnara, basi, machozi ukiwa umekaa kitandani kwake, na sikuwahi kuambiwa hata moja. Siku niliyokusimulia habari ya baba, uliniambia, "Pole, yamepita," ukaniuliza kama kuna chai. Nilirudi ndani nikajilaumu kwa kukuchosha. Na kumbe ulikwenda kulia kwa mtu mwingine! Miaka miwili nimependwa kiasi hicho, na mimi ndiye pekee niliyekuwa sijui. Shemeji alikaa kwenye mapenzi yangu kila jioni akisikiliza, mimi nikawa napewa salamu.

Ulipopata tano nilisema moyoni, basi hanijui. Ningekubali hata hivyo, wapo wanaoishi bila kujuana. Lakini ulinijua, ukaninyima.

Nimezungumza na Mama Mwalimu. Darasa jipya linaanza Jumamosi ya tarehe 6 Septemba. Nimeandikisha jina langu peke yake, na kwamba sitakaa na mwakilishi. Pembeni ya jina langu pana nafasi. Ukifika utaandika la kwako kwa mkono wako. Usipofika, nitajua, na sitauliza tena.

Mpaka siku hiyo usiniandikie. Barua zako nzuri sasa, hii ya mwisho ilinitoa machozi mbele ya mteja, lakini nimechoka kukusoma. Njoo ukae mbele yangu, uniambie mimi yale uliyomwambia yeye. Yote, polepole, hata kama nimeshayasikia.

Wako,
Mpima Macho